Kulinda Masikio Kazini: Mwongozo wa Kupima Kelele, Kuipunguza na Kujikinga Nayo

Mfanyakazi akiulizwa kuhusu kelele ya mashine anayoitumia kila siku, mara nyingi hujibu kwa neno moja: "Nimeshazoea." Jibu hilo hunitia hofu kuliko malalamiko yoyote, kwa sababu sikio halina namna ya kuzoea kelele. Mtu ambaye mashine ilimsumbua mwaka wa kwanza na leo haimsumbui tena, huenda hana ustahimilivu wowote mpya, bali amepoteza sehemu ya usikivu ambayo mashine ile ilikuwa ikiiumiza. Mwongozo huu ni kwa wenye karakana na viwanda, kwa wasimamizi wa zamu, na kwa mafundi wenyewe. Mpangilio wake ni wa makusudi: kelele hutambuliwa, hupimwa, hupunguzwa pale inapozaliwa, na baada ya hapo ndipo masikio hukingwa. Wengi huanzia mwisho, wakagawa vizibo vya masikio na kuhesabu kwamba kazi imekwisha.

Kinachoharibika ni nini

Katika sikio la ndani kuna koklea, mfereji mdogo uliojikunja kama gamba la konokono, wenye chembe zipatazo 15,000 ambazo juu yake zina vinyweleo. Sauti ikifika, vinyweleo hivyo hutikisika, na chembe hupeleka habari kwenye neva ya kusikia. Kelele kubwa huzichosha. Zikipata utulivu wa kutosha huweza kupata nafuu, lakini zikichoshwa siku baada ya siku hufa, na kwa binadamu chembe ya namna hiyo ikifa haioti nyingine mahali pake. Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti, lakini hakifufui chembe wala hakirudishi ule wepesi wa kupambanua sauti moja na nyingine.

Uharibifu huu haupigi hodi. Kwa kawaida huanza kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000 (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde), wakati sauti nzito bado zinasikika vizuri, na ndiyo sababu mwenyewe hujiona mzima. Kinachopotea kwanza katika mazungumzo ni konsonanti nyepesi kama s, f, sh, ch, t na k. Mtu hutambua kwamba amesemeshwa, ila neno lenyewe halipati: "fika" humfikia kama "shika", "saba" kama "shaba", na anayeambiwa "funga" huweza kusikia "chunga". Kwenye karakana yenye mitambo inayozunguka, kosa la konsonanti moja linaweza kugharimu kidole. Nyumbani nako hudhaniwa kwamba amekuwa mkali au mpweke, kumbe ni uchovu wa kukisia maneno ya watu kutwa nzima.

Hatua ya kwanza: itambue kelele kabla ya kutafuta kipimo

Simama na mwenzako umbali wa mita 2, mzungumze wakati mashine zinafanya kazi. Mkilazimika kupaza sauti ndipo msikilizane, kelele ya mahali hapo huenda imefika desibeli 85 (desibeli ni kizio cha kupimia ukubwa wa sauti). Mkilazimika kupaza sauti hata katika umbali wa mita 1, huenda imefika 90. Kipimo hiki hakihitaji fedha wala ruhusa ya mtu, na kila fundi anaweza kukifanya leo.

Kipo kingine ambacho huwapendekezea hasa wale wasiosadiki kwamba kazi yao inawaumiza. Asubuhi kabla ya kwenda kazini, washa redio na upunguze sauti mpaka kiwango cha chini kabisa ambacho bado unayapata maneno ya msomaji wa habari, kisha uizime bila kugusa kitufe cha sauti. Jioni, mara tu urudipo, iwashe tena ukiwa umekaa palepale. Ikiwa maneno yamegeuka mvumo usioeleweka, masikio yako yamechoshwa na kelele siku hiyo, na uchovu wa namna hiyo ukirudiwa mara nyingi hugeuka kuwa hasara ya kudumu. Mlio wa filimbi au wa nyenje masikioni baada ya zamu ni ishara ya jambo lilelile. Usingoje maumivu, kwa kuwa sikio huharibika kwa kelele ndogo sana kuliko ile inayoumiza.

Hatua ya pili: pima na uandike

Kelele ya kazini hupimwa kwa desibeli zilizorekebishwa kulingana na jinsi sikio la binadamu linavyosikia, zinazoandikwa dBA. Kipima sauti hushikwa karibu na sikio la mfanyakazi, mahali anaposimama akiwa kazini, wala si katikati ya ukumbi mtupu. Pale ambapo mtu huhama kutoka kazi moja hadi nyingine, ni afadhali avae kipimo kidogo begani kinachojumlisha kelele ya zamu nzima. Kifaa kihakikiwe kwa chombo cha kusawazishia kabla ya kupima na baada yake, vinginevyo namba zake hazina wa kuzitetea. Programu za simu hufaa kukuonyesha ni wapi pa kuangalia kwanza, lakini nisingeamua usalama wa mtu kwa maikrofoni iliyotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo.

Andika jina la mashine, kazi iliyokuwa ikifanyika, muda wake na kiwango kilichoonekana. Usisahau kazi za dakika chache, kama kusafisha kwa hewa ya kompresa au kugonga chuma kilichokwama, kwa sababu mara nyingi hizo ndizo zenye kelele kali kuliko zote. Milio ya ghafla, kama ya mashine za kukandamiza bati au bastola za kupigia misumari, ipimwe kilele chake peke yake. Kilele cha desibeli 140 huchukuliwa kuwa hatari hata kikitokea mara moja tu.

Hatua ya tatu: fanya hesabu ya muda

Namba za desibeli hudanganya jicho. Kupanda kwa desibeli 3 pekee ni kuongezeka maradufu kwa nishati ya sauti inayoingia sikioni, na kupanda kwa 10 ni kuongezeka mara kumi. Kwa hiyo anayesema kwamba mashine mpya "imezidi kidogo tu, kutoka 90 hadi 93," ameongeza mzigo wa sikio mara mbili.

Kanuni inayotumiwa na taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, na ambayo naiona kuwa ya busara, huanzia desibeli 85 kwa saa 8, kisha hupunguza muda kwa nusu kila desibeli 3 zinapoongezeka: saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91, saa 1 kwa 94, nusu saa kwa 97, na dakika 15 kwa 100. Zamu ikiwa ndefu kuliko saa 8, kikomo hushuka. Kwa zamu ya saa 12 ni karibu desibeli 83. Sheria za nchi hazilingani. Kikomo cha kisheria cha Marekani kwa saa 8 ni desibeli 90, ilhali Umoja wa Ulaya humtaka mwajiri aanze kuchukua hatua tangu 80. Fuata sheria ya mahali ulipo kama kiwango cha chini kabisa, na ukiweza, ishi chini ya 85.

Tazama mfano wa fundi anayetumia grinda yenye kelele ya desibeli 100 kwa dakika 15, kisha akasimama saa 1 penye desibeli 91. Dakika 15 za kwanza zimemaliza posho yake yote ya siku, yaani asilimia 100. Ile saa 1 ni nusu ya saa 2 zinazoruhusiwa, yaani asilimia 50. Jumla ni asilimia 150, ingawa hakuna kazi hata moja kati ya hizo mbili ambayo peke yake ilivuka kikomo. Msimamizi asiyejumlisha ataapa kwamba kila kitu kiko sawa.

Hatua ya nne: itulize mashine yenyewe

Hapa ndipo penye faida kubwa na ndipo panaporukwa mara nyingi. Kelele iliyopunguzwa kwenye mashine imepunguzwa kwa kila mtu aliye ukumbini, kwa zamu zote, bila kumtegemea mtu yeyote akumbuke kuvaa kitu.

Anza na mashine yenye kelele kubwa kuliko zote. Ikiwa moja inatoa desibeli 95 na ya pili 85, kuizima kabisa ile ya pili kutapunguza kelele ya ukumbi kwa chini ya nusu desibeli. Fedha yote itakuwa imepotea bure. Zikiwa mbili zenye 90 kila moja, kwa pamoja hutoa 93, na kuzima moja hurudisha 90.

Kisha jiulize kama kazi yenyewe inaweza kufanywa kwa njia nyingine. Chuma kinachonyooshwa kwa nyundo kinaweza kunyooshwa kwa jeki ya haidroli. Vipande vinavyounganishwa kwa kugongewa ribiti vinaweza kufungwa kwa boliti. Hewa ya kompresa inayotumiwa kupulizia vumbi huweza kubadilishwa kwa brashi au mashine ya kufyonza.

Baada ya hapo, sikiliza mashine kama fundi. Beringi iliyolika huvuma, mkanda uliolegea hupiga, msumeno butu hulia kwa ukali kuliko ule ulionolewa. Kaza boliti, tia grisi, badilisha kilichochakaa. Kifuniko cha bati kinachotetemeka hugeuka ngoma: mahali palipo salama, mbali na sehemu zinazozunguka, kibonyeze kwa kiganja, na ukisikia kelele imeshuka papo hapo, umempata mkosaji. Kifunge upya juu ya vipande vya raba, au ukibandike shuka nzito ya kuzuia mtetemo upande wa ndani. Mashine iliyofungwa moja kwa moja kwenye sakafu ya ghorofa au kwenye fremu ya chuma nayo iwekewe raba chini ya miguu yake, kwa sababu jengo zima linaweza kuwa linaivumisha.

Vipande vya chuma vinavyodondokea kwenye pipa la chuma ni chanzo kingine ambacho watu wameacha kukisikia. Inua pipa lisogelee tundu ili mwanguko uwe mfupi, na utandike raba ndani yake. Bomba linalotoa hewa iliyotumika lifungwe kizuia sauti, mivujo ya hewa izibwe, na shinikizo lishushwe hadi kiasi ambacho kazi inahitaji. Feni kubwa inayozungushwa kwa kasi isiyohitajika nayo ina mengi ya kutoa: kupunguza kasi yake kwa asilimia 20 hushusha kelele yake kwa karibu desibeli 5.

Ikibidi kuijengea mashine sanduku la kuizuia sauti, ukuta uwe mzito, na upande wa ndani utandikwe kitu laini chenye vitundu kinachomeza sauti. Jihadhari na mianya. Tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 tu ya eneo la sanduku haliruhusu kupungua kwa zaidi ya desibeli 20, hata kuta ziwe nene kiasi gani. Milango iwekewe mipira ya kuziba, na njia za hewa za kupoza mota zipindishwe na kutandikwa ndani ili hewa ipite na sauti imezwe njiani.

Ukinunua mashine mpya, dai maelezo ya kiwango chake cha kelele kabla ya kulipa. Hakuna wakati mwingine ambapo utulivu hupatikana kwa bei nafuu kuliko huo.

Hatua ya tano: umbali na muda

Mahali pa wazi, kila unapoongeza umbali maradufu kutoka kwenye mashine, kelele hupungua kwa karibu desibeli 6. Ndani ya ukumbi faida ni ndogo, kwa kuwa kuta na dari hurudisha sauti. Kompresa na jenereta hazina sababu ya kukaa ndani pamoja na watu. Zihamishwe nje, nyuma ya ukuta. Kazi zenye kelele kali zipangwe saa ambazo watu ni wachache, na mahali pa kupumzikia pawe pa utulivu kweli.

Kubadilishana zamu kwenye mashine hupendwa sana na wasimamizi, nami nakubali kwamba kuna wakati hakuna budi. Lakini kumpunguzia mtu muda kwa nusu ni sawa na kushusha desibeli 3 tu, na nusu ile nyingine amepewa mwenzake.

Hatua ya sita: chagua kinga inayomfaa mvaaji

Kinga za masikio ni za aina kuu mbili: vizibo vinavyoingia ndani ya tundu la sikio, na vifuniko vinavyolifunika sikio lote kwa nje. Pamba si kinga, wala vipokea sauti vya masikioni vya kusikilizia muziki si kinga.

Kiwango cha kupunguza kelele kilichoandikwa kwenye pakiti kimepatikana maabara, kwa watu waliovalishwa kwa uangalifu. Kazini, kuhesabu nusu yake ni tahadhari ya haki. Lengo ni kwamba kelele inayofika ndani ya sikio iwe kati ya desibeli 70 na 80. Kinga iliyozidi nguvu nayo ni hatari: mvaaji hasikii forklifti inayorudi nyuma, hasikii king'ora, na mwishowe huivua. Penye kelele inayozidi desibeli 100, vizibo na vifuniko vivaliwe pamoja, ila usijumlishe namba zao mbili. Kwa kawaida kinga ya pili huongeza karibu desibeli 5 tu juu ya ile yenye nguvu zaidi.

Vifuniko huhitaji kugusana na ngozi pande zote. Mkono wa miwani ya usalama, nywele nyingi, kofia au kilemba kinachopita chini ya mto wake hufungua mwanya, na sauti hupita hapo kama maji. Kwa watu hao, vizibo hufaa zaidi. Anayetokwa na usaha sikioni asitumie vizibo mpaka aonwe na daktari.

Nimewahi kumtazama seremala mmoja stadi ambaye kila alipoanza kupasua mbao alisogeza kifuniko kimoja nyuma ya sikio. Nilipomuuliza, alisema kwamba anataka kusikia jinsi msumeno unavyokula mbao, kwani sauti ndiyo inayomwambia kama umepata moto au umekutana na fundo. Alikuwa na hoja, na kumkemea kusingesaidia lolote. Mtu wa namna hiyo apewe kinga nyepesi zaidi, au ile inayopunguza sauti nyembamba na nzito kwa kiasi kinachokaribiana, aendelee kuisikia kazi yake bila kulipia kwa sikio lake.

Hatua ya saba: kivae vizuri, usikivue

Kizibo cha sponji huvaliwa hivi. Nawa mikono. Kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti na kisiwe na mikunjo. Pitisha mkono wa upande mwingine juu ya kichwa, ushike sehemu ya juu ya sikio na kulivuta juu na nyuma, kwa sababu tundu la sikio limepinda na kulivuta hulinyoosha. Ingiza kizibo upesi kabla hakijatanuka, kisha kishikilie kwa ncha ya kidole kwa sekunde 20 hadi 30. Hapo ndipo wengi hukosea: huachia mara moja, na kizibo hutanukia nje.

Sasa kijaribu. Ukiwa kwenye kelele, funika masikio yote mawili kwa viganja kwa nguvu, kisha achia. Ukisikia tofauti kubwa, kizibo hakijakaa. Kitoe na uanze upya. Sauti yako mwenyewe inapaswa kuvuma kichwani kana kwamba unazungumza ndani ya mtungi. Mtu akikutazama usoni kwa mbele, asione sehemu kubwa ya kizibo ikichomoza.

Kuvaa sehemu ya siku hakutoi sehemu kubwa ya kinga. Mtu aliyevaa kinga ya desibeli 30 kwa saa 8 lakini akaivua kwa jumla ya dakika 30 penye kelele ileile, kwa hesabu ya siku nzima amepata kinga ya desibeli 12 tu. Anayetaka kuzungumza atoke kwanza kwenye kelele, ndipo avue.

Hatua ya nane: pima masikio ya watu

Kila anayeingia kwenye kazi yenye kelele apimwe usikivu mwanzoni, baada ya kukaa angalau saa 14 mbali na kelele ya kazi, ili apatikane msingi wa kulinganishia. Baadaye apimwe kila mwaka, kila sikio peke yake. Wastani ukishuka kwa desibeli 10 au zaidi kwenye hezi 2,000, 3,000 na 4,000 katika sikio lolote, apimwe tena baada ya mapumziko, kinga yake ikaguliwe, na mashine yake ichunguzwe upya. Aambiwe matokeo yake kwa lugha anayoielewa. Na vipimo hivi visitumiwe kumfukuza mtu, kwani siku watakapojua kwamba karatasi ya daktari ndiyo barua ya kuachishwa kazi, hakuna atakayesema tena kwamba masikio yanamlia.

Muulize pia kuhusu kemikali na dawa. Viyeyusho kama toluini, stirini na zailini, pamoja na madini ya risasi na hewa ya monoksidi ya kaboni, huweza kudhuru usikivu na kuzidisha madhara ya kelele, kwa hiyo mpaka rangi anayefanya kazi karibu na grinda ana mizigo miwili. Baadhi ya dawa, zikiwemo streptomisini, jentamisini na sisplatini, nazo huweza kudhuru sikio. Mgonjwa asiziache, bali amweleze daktari anafanya kazi gani.

Kwa aliyekwisha kupoteza usikivu, na kwa dharura

Mfanyakazi asiyesikia vizuri awekewe taa inayomulika pamoja na king'ora, na wenzake wamguse bega au wamsogelee kwa mbele kabla ya kuwasha mashine. Anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia asikitegemee kama kinga hata akikizima. Avae vifuniko kama wengine.

Mlipuko au mlio mkali ukitokea, na mtu akapoteza usikivu ghafla, akatokwa na damu sikioni au akashikwa na kizunguzungu, mwondoe kwenye kelele mara moja. Usimtie mafuta, maji wala matone yoyote sikioni. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama anasema kwamba itapita, kwa kuwa matibabu ya usikivu uliopotea ghafla yana nafasi nzuri zaidi yakianza mapema.